Ibada ya jioni nyumbani haifiki wiki ya tatu. Tunakosea wapi?

Mdau wa Uyole
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba utaratibu, kutiwa moyo tumeshatiwa sana. Nyumba ina watu 7: baba KKKT (Mlutheri), mama Moravian, bibi Mkatoliki, watoto 4, kitinda mimba ana miaka 5. Ibada ni baada ya chakula, saa tatu kasoro, dakika 40 hivi. Tulianzia Mwanzo, sura nzima kila siku. Kwa baridi hii ya Juni watoto wanasinzia kabla ya somo kuisha, na Baba Yetu inatugawa katikati. Halafu wanaotoka saa 11 alfajiri kwenda shamba, sala yao ikae wapi?

Mwinjilisti_Tukuyu
Amina, ndugu. Hizo dakika 40 ndizo zinazoua. Shukeni hadi 12, na msogeze kabla ya chakula, pale maharage yameshatiwa chumvi na maji ya ugali hayajachemka. Watu wako macho, wako karibu na moto, na njaa yenyewe inamzuia baba asihubiri. Mkishakula, kwa baridi ya huku kwetu, kila mtu anawaza blanketi.

Ubeti mmoja wa wimbo mnaoujua kwa kichwa. Somo, mistari 8 hadi 10, anasoma mtoto anayejua kusoma. Kimya kidogo, kama pumzi kumi. Kila mtu aseme shukrani moja na ombi moja, kwa sentensi moja moja. Baba Yetu, kisha maneno ya neema ya kufunga. Basi, sufuria irudi motoni.

Mwanzo si mahali pabaya pa kuanzia, ila kwa sura nzima kila siku mtafika Walawi na sheria za ukoma, na nyumba nyingi hukatia tamaa hapo. Chukueni Marko. Ina sura 16. Kwa mistari 10 kila jioni ni miezi miwili na siku chache. Siku ya msiba au ya uchovu someni Zaburi 117, mistari 2 tu. Zaburi 119 isiwatishe kwa mistari yake 176, imegawanyika vipande 22 vya mistari 8. Kipande kimoja kinatosha jioni moja.

La mwisho, na hili naliona sana: sala ya vijembe. "Ee Bwana, mguse yule asiyeosha vyombo." Mtoto anajua ni yeye. Kesho yake anaumwa tumbo saa ya ibada. La vyombo lisemwe wakati wa vyombo.

Katekista wa Mafinga
Tumsifu Yesu Kristo. Kuhusu Baba Yetu: mnagongana hasa sehemu mbili. Bibi anasema "usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni", ninyi mnasema "majaribuni" na "utuokoe na yule mwovu". Halafu bibi anafika Amina, ninyi ndiyo kwanza mnaingia "kwa kuwa ufalme ni wako". Msimlazimishe abadilishe maneno aliyoyabeba tangu komunyo ya kwanza. Anayeongoza jioni ile asali kwa maneno yake, wengine wamfuate polepole, na uongozi uwe wa zamu. Wiki mbili tu, watoto watajua zote mbili.

Na bibi akifanya ishara ya msalaba, baba asishangae. Luther mwenyewe, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anamwambia mtu ajibariki kwa msalaba akiamka na akienda kulala, aseme Kanuni ya Imani na Baba Yetu, na usiku alale mara moja kwa furaha. Hakuagiza dakika 40.

Rozari ya bibi ni suala jingine. Makumi matano ya Salamu Maria ni marefu kwa mtoto wa miaka 5. Bibi asali peke yake, au mumsindikize kumi moja Jumamosi.

MamaShamba_Rungwe
Hapo kwenye maneno yaliyokaririwa mimi nina wasiwasi, Katekista. Mathayo 6:7 inakataza kupayuka-payuka.

Katekista wa Mafinga
Mama, soma mistari inayofuata. Mara baada ya kukataza, Yesu anawapa maneno ya kusema. Tatizo ni kudhani wingi wa maneno ndio utakaosikiwa. Sala ya kujitungia nayo inaweza kupayuka, tena kwa dakika 20.

MamaShamba_Rungwe
Sawa, hapo nimekuelewa. Niongezee la alfajiri basi. Saa 11 usidai ibada. Chukueni mstari mmoja wa somo la jana, uandikwe kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, ukae juu ya mlango wa jikoni. Anayetoka anausoma akivaa viatu. Wamoravian tuna mizizi hapo: Herrnhut kule Ujerumani, mwaka 1728, neno moja la siku lilipelekwa nyumba kwa nyumba, na kitabu cha kwanza kikachapwa kwa mwaka 1731. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika desturi hiyo.

Shambani, wachuma chai wana nafasi nzuri kuliko wanavyodhani. Mkono unakata majani mawili na chipukizi, kinywa hakina kazi. "Bwana, unihurumie" ukivuta pumzi, "mimi mwenye dhambi" ukiitoa. Ni sala ya yule mtoza ushuru wa Luka 18. Kosa ni kuhesabu umesema mara ngapi. Ukihesabu, unarudi kwenye kuhesabu kilo za chai.

Mdau wa Uyole
Asanteni sana wazee wangu. Swali moja: mdogo akisinzia katikati, aamshwe?

Mwinjilisti_Tukuyu
Mwache. Mtaje kwa jina kwenye ombi, mfunike, ugali wake uwekwe kando ya moto.