Naombeni ushauri: tulikua maskini Marekani, ukoo haujui, na shangazi anasema tulimtupa baba ugenini

Binti Usangi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za majukumu. Nina miaka 28, naishi Houston, Texas. Tulikuja 2005 nikiwa na miaka minane, baada ya baba kushinda bahati nasibu ya grini kadi, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi Marekani. Kule kwetu Upareni, Tanzania, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nauli ya watu wanne ilimshinda, ukoo ukachanga. Shangazi, dada yake wa tumbo moja, aliuza cherehani iliyokuwa inamlisha. Hilo sijawahi kulisahau.

Huku baba akapata kazi ya kusafisha maofisi usiku, mama akawa anaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 5.15 kwa saa, na baba alilipwa juu ya hapo kidogo tu. Msaada wa chakula wa serikali ulikuwepo, lakini sheria iliwataka watu wazima wenye grini kadi kama wazazi wangu wasubiri miaka mitano. Kwa hiyo kadi ya chakula ilituhesabu mimi na mdogo wangu, tukala wanne. Ikifika tarehe 20 haina kitu. Tena kadi ile hainunui sabuni, hainunui pedi, hainunui chakula cha moto.

Shuleni tulikula bure, asubuhi na mchana. Wenzangu walikuwa wanahesabu siku za kufunga shule, mimi likizo ya Juni hadi Agosti niliiogopa kama ugonjwa. Mama akitupakulia anasema yeye ameshakula kazini. Nimekuja kujua ukubwani kwamba kazini hawakuwa wanapewa chakula.

Tulihama mara nne. Texas ukichelewesha kodi, mwenye nyumba anaweza kukubandikia karatasi mlangoni ya kukupa siku tatu uondoke, usipoondoka anakwenda mahakamani. Nikirudi shule nilikuwa naangalia mlango kwanza kabla ya kutoa ufunguo. Hadi leo naangalia.

Nyumbani hakuna aliyeyajua haya. Picha tulizotuma tulipigia kwenye bustani za watu, tumevaa nguo za mitumba zilizopigwa pasi vizuri. Hela walipoomba tulituma, hata kama wiki hiyo bili ya umeme haijalipwa.

Sasa kiini cha uzi. Baba alikuwa na presha, hakuwa na bima, dawa alikuwa anaruka siku ili zisiishe. Mwaka 2014 akapata kiharusi. Hospitali walimpokea, maana sheria ya 1986 inawalazimisha kumhudumia mwenye dharura hata kama hana hela, ila bili inakuja baadaye. Alifariki siku ya tatu. Watanzania wa hapa walichanga, Mungu awabariki, na mchango ulitosha kumzika hapa. Kusafirisha mwili hatukuweza. Mama akawaambia ukoo kwamba serikali ya huku ilikataa.

Mwezi uliopita kijijini wamemzika kijana mwili ukitoka Marekani. Shangazi akaandika kwenye kundi la ukoo: "Kumbe inawezekana. Kaka yangu nyie mlimtupa." Tangu siku hiyo mama halali. Nikimwambia nitaeleza ukweli, ananiambia, "utamvua nguo baba yako kaburini." Nikinyamaza, shangazi aliyeuza cherehani yake atakufa akiamini tulimdharau kaka yake. Nifanyeje?

Kijana wa Mbagala

Pole sana dada. Lakini naomba nielewe, sina nia mbaya. Bili ya umeme, nyumba ya kupanga, na nakumbuka sote tuliokuwa na ndugu huko tuliona magari kwenye picha. Baba yako alikuwa na gari?

Binti Usangi

Alikuwa nalo, kuukuu, la mkopo. Houston ni mji wa barabara kuu. Kazi yake ilikuwa inaisha saa tisa usiku, mbali na nyumbani, na saa hiyo basi hakuna. Likiharibika anakosa kazi, akikosa kazi kodi haitoki. Friji nalo tulikuwa nalo, kwa sababu nyumba tulizopanga zilikuja na friji, ukihama unaliacha ukutani. Miezi mingine ndani yake kulikuwa na maji na mayai. Swali lako si baya kaka, ndilo litakaloulizwa kule nikifungua mdomo.

Mzee Karata

Binti, mtii mama yako. Yeye ndiye mjane. Siri ya ndoa yake si yako kuitangaza. Shangazi ana hasira ya msiba, itapita.

Mama Furaha, Kentucky

Mzee shikamoo, ila miaka zaidi ya kumi haijapita hiyo hasira.

Mdogo wangu, sisi tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Nauli yetu ilikuwa ya mkopo, na baada ya miezi sita barua za kudai zikaanza kuingia wakati hata barabara za mji hatujazijua. Mimi ndiye niliyekuwa nawatafsiria wazazi kwa mwenye nyumba. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nasema "baba anaomba wiki moja zaidi." Kwa hiyo nakusikia.

Mimi kaka yangu wa Kigoma nilimwambia ukweli. Nilimpigia hesabu, mshahara huu, kodi hii, bima hii. Alikasirika, akakaa miezi miwili hapigi. Siku aliyopiga hakuomba kitu, aliniuliza kama watoto wako salama. Sikuahidi kwamba shangazi yako atakuwa hivyo. Nakwambia tu kilichonikuta.

Bi Mkubwa wa Same

Mwanangu, marahaba. Nimesoma mara mbili.

Kwanza, usiandike kitu kwenye lile kundi. Humo kuna mashemeji, kuna watoto, kuna watu wanaofurahia aibu. Pili, kwetu mtu kuzikwa mbali na kwao si jambo dogo, usimwone shangazi yako mkorofi. Anamlilia kaka ambaye hajaona kaburi lake.

Uongo ule ni wa mama yako na alikuwa na sababu zake, lakini ni yeye anayepaswa kuufungua. Wewe kazi yako ni kumshika mkono. Usimwambie "nitasema". Mwambie "tuseme, nitakaa pembeni yako." Mpigieni shangazi peke yake, kwa sauti, si kwa maandishi. Mwambieni pia lile la cherehani kwamba mnalikumbuka. Mimi nimekaa kwenye vikao vya ukoo miaka mingi, watu hawavumilii kudharauliwa, lakini ufukara wanaujua vizuri kuliko ninyi.

Na mkipata uwezo wa kuja, njooni na udongo wa kaburi lake.

Kijana wa Mbagala

Hapo kwa Bi Mkubwa nasimama naye. Na mimi nina binamu Dallas ambaye kila mwezi namsumbua. Nitampigia leo nimsikilize.

Binti Usangi

Bi Mkubwa, ahsante. Wote ahsanteni, naleta mrejesho.

Ilichukua siku tisa mama kukubali. Jumapili saa mbili asubuhi ya hapa, saa kumi jioni ya kule, tukampigia shangazi. Mama akaanza mwenyewe. Alisema hakuna serikali iliyokataa, ni sisi hatukuwa na hela. Akamweleza dawa za presha, bili, karatasi za mlangoni, na kwamba hata jeneza lilitoka kwenye michango.

Shangazi alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, taratibu kabisa: "Sasa wifi, miaka yote hiyo na watoto, mlikuwa mnakula nini?"

Wakaongea saa nzima. Mimi nilitoka nje nikawaacha.