Zulia la ukutani la sufu, Lindi mjini: lifuliwe kabla ya kutundikwa upya?

Bandarini_LD

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa wenye ujuzi.

Kuna zulia la ukutani la picha, la zamani, limefumwa kwa mkono. Mshindio (nyuzi zinazokatiza na kuchora picha) ni sufu, mtande (nyuzi za msingi zilizotandwa kwanza) unaonekana ni pamba. Upana mita 1.9, kimo mita 1.3, uzito kama kilo 4. Limepigiliwa misumari minne kwenye ukuta wa nje wa mawe ya matumbawe na chokaa, upande wa bahari, na dirisha liko kushoto kwake.

Hali yake: sehemu ya juu imelegea na kufanya mawimbi kati ya msumari na msumari. Matundu yamezungukwa na kutu. Nyuzi za kahawia zinazochora mipaka ya picha zinapukutika zikiguswa. Upande wa dirisha rangi imepauka. Nyuma kuna vumbi, kinyesi cha mijusi na vifuko vidogo vyenye umbo la punje ya mchele.

Kamati inataka lifuliwe kwa sabuni laini, lianikwe, litiwe kwenye fremu ya kioo, kisha litundikwe ukumbini kwa ajili ya wageni. Lifuliwe? Wadudu waondolewe vipi? Na bila misumari litashikwa na nini?

FundiMtande

Mkuu, tafadhali zuia huo ufuaji. Sufu ikilowa inabeba maji mengi, zulia la kilo 4 linakuwa mzigo unaojivuta wenyewe, na nyuzi dhaifu zinakatika wakati wa kuinua. Rangi nyekundu na buluu zinaweza kuchuja na kuingia kwenye sehemu nyeupe, na hapo hakuna kurudi nyuma. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, nayo ikibaki kwenye nyuzi inavuta unyevu mwaka mzima. Kuna karakana zinazosafisha mazulia haya kwa maji, mfano De Wit ya Mechelen, Ubelgiji. Lakini kule zulia linalazwa juu ya meza inayofyonza kutoka chini huku ukungu wa maji ukishuka kutoka juu, na kila rangi imeshapimwa kwanza. Beseni na kamba ya kuanikia haviwezi kufanya kazi hiyo.

Hizo nyuzi za kahawia zina sababu yake. Kahawia na nyeusi nyingi za zamani zilitiwa kwa tanini (kemikali ya magome na mimea) na chuma, na chuma kile kinaendelea kuila sufu kwa ndani. Ndiyo maana rangi za jirani ni nzima na hizo zinageuka unga. Zikilowa zitaondoka na maji.

Kulishusha: wawili washike uzito kwa ubao mpana uliofunikwa shuka safi, wa tatu ang'oe misumari. Vuta msumari, usivute zulia. Kama kutu imeugandisha na nyuzi, kata kichwa cha msumari kwa koleo, kisha telezesha zulia litoke taratibu. Madoa ya kutu yaache. Najua mtu atasema ndimu na chumvi. Asidi ya ndimu inakula pamba ya mtande, na chumvi nimeshaieleza.

Vumbi: laza zulia juu ya meza safi. Chukua wavu wa dirishani wa nailoni, wa kuzuia mbu, kama sm 30 kwa 30, ukunjie kingo zake utepe wa kitambaa ili zisichane nyuzi. Weka wavu juu ya zulia, pitisha mashine ya kufyonza vumbi ikiwa kwenye nguvu ndogo kabisa, uinue na kushusha bila kusugua. Anza nyuma, kisha mbele. Sehemu za kahawia ziruke. Kinyesi cha mijusi kikiwa kikavu kiondoe kwa kibanio, bila maji.

Kipimaunyevu

Vifuko hivyo ni vya viwavi wa nondo wa nguo, na wanakula sufu. Vitazame kwa kioo cha kukuzia: vikiwa na rangi ileile ya zulia, wamekula hapo hapo.

Njia salama ni baridi. Viringisha zulia bila kulikaza, lifunge kwenye plastiki nyembamba ya polithini tabaka mbili, toa hewa kadiri uwezavyo, ziba kwa gundi ya utepe. Friza likiwa kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri, liache wiki mbili kamili. Mafriza mengi ya dukani yanaishia 18 na yanapanda umeme ukikatika, kwa hiyo weka kipimajoto ndani, na ukiona mashaka rudia mzunguko mzima baada ya kulitoa. Likitoka, USIFUNGUE plastiki kwa saa 24. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa ya Lindi unageuka matone juu ya sufu baridi, na umejitengenezea ukungu. Kama mtande umelala mlalo, likizungushwa kwa kuufuata urefu wa bunda ni mita 1.3 tu, friza kubwa la samaki linatosha. Ila lisafishwe kwanza na lisiwe na samaki.

Vidonge vya nafthalini acha. Mvuke wake ni sumu kwa watu wa ukumbini, na hauna uhakika wa kuua mayai mahali penye hewa wazi. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo isielekezwe kwenye zulia.

Kuanika juani ndiyo hatari niliyoiogopa zaidi nilipokusoma. Vitu vya kufumwa hupewa mwanga wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Ukumbi ukifunguliwa saa 8 kwa siku, siku 300, hiyo ni luksi-saa 120,000 kwa mwaka. Jua la mchana linafika luksi 100,000, yaani kwa saa moja na robo hivi umemaliza posho ya mwaka mzima.

Bandarini_LD

Asanteni sana wakuu. Ufuaji nitauzuia. Je, kutundika? Kuna aliyependekeza kushona mfuko juu na kupitisha bomba la chuma. Na vipi kuhusu kioo?

FundiMtande

Mfuko na bomba vinafanya kazi kwa zulia lililonyooka. La kwako lina mawimbi, na bomba halikuruhusu kurekebisha sehemu moja bila kugusa nyingine. Tumia Velcro (utepe wa kunatana, upande mmoja laini, mwingine wa kulabu) ya upana wa sm 5.

1. Nunua mkanda wa pamba wa upana wa sm 8, ufue kwa maji ya moto ili unywee kabla, si baada. Upande laini wa Velcro ushonwe juu ya mkanda huo kwa cherehani.

2. Mkanda ushonwe kwa mkono nyuma ya zulia, ukingo wa juu, kwa sindano iliyopinda na uzi wa pamba. Sindano ipite kati ya nyuzi, isizitoboe. Mshono ukamate mtande angalau nyuzi mbili; ukikamata mshindio peke yake utachomoka.

3. Ubao wa mninga, mita 1.88 kwa sm 7, unene sm 2. Upake vanishi ya maji mara mbili pande zote, uache wiki tatu au nne harufu iishe, kisha uvike karatasi ya alumini upande utakaogusana na kitambaa. Mbao hutoa asidi. Upande wa kulabu ubanwe kwa pini za chuma kisichoshika kutu. Hapa pwani pini za kawaida zitarudisha tatizo la misumari.

4. Siku ya kutundika anza katikati, bonyeza kuelekea pembeni. Penye wimbi bandua sehemu hiyo tu, inua milimita chache, bonyeza tena. Hii ndiyo faida kubwa ya Velcro.

Kabla ya hapo tazama upande wa mtande. Kwenye mazulia mengi ya Ulaya matuta ya mtande hulala mlalo zulia likiwa ukutani, kwa hiyo uzito wote unabebwa na mshindio, na nyufa baina ya rangi mbili hufunguka. Nyufa zishonwe kwanza. Penye kahawia iliyokwisha weka kiraka cha kitambaa cha marekani kilichofuliwa wanga wote ukatoka, na ubane nyuzi zilizobaki kwa mishono iliyoachana milimita 4 au 5. Usijaribu kufuma upya.

Kioo hapana. Kikigusana na sufu, unyevu unanaswa. Kamba mbele, umbali wa mita moja, inatosha kuzuia mikono.

Mnazi_Mmoja

Naongeza kuhusu ukuta. Lihamishieni ukuta wa ndani. Ukuta wa matumbawe unaopigwa na upepo wa bahari unavuta maji na kutema chumvi. Hata huko ndani acheni nafasi ya sm 3 nyuma ya ubao, juu na chini muweke wavu, la sivyo mijusi watarudi. Nunueni kipima unyevu. Kikivuka 65% kwa siku kadhaa, ukungu uko njiani. Washeni feni isiyolipuliza zulia moja kwa moja. Kiyoyozi cha kuwasha mchana na kuzima usiku ni kibaya kuliko kukosa kiyoyozi, maana sufu inavimba na kunywea kila siku.

Mimi ningelishusha kabisa kila mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, hadi Aprili ipite.

FundiMtande

Hapo sikubaliani nawe, ndugu. Kulishusha na kulipandisha kila mwaka kunaumiza nyuzi za kahawia kuliko unyevu wenyewe, na zulia lililoviringishwa wakati wa mvua halipati hewa. Bora libaki limetundikwa, madirisha yafungwe, na pazia zito liwe mbele yake pasipo na mgeni. Lionyeshwe miaka miwili, kisha lipumzishwe kwa miaka kadhaa, na lishushwe mwezi wa Agosti au Septemba hewa ikiwa kavu.

Bomba la kuzungushia zulia wakati wa mapumziko liwe la karatasi ngumu, yale ya wauza mazulia, kipenyo kisipungue sm 15. La PVC hutoa mvuke wenye asidi. Livike alumini, kisha marekani iliyofuliwa. Picha itazame nje, zungusha kwa kufuata mtande, funika kwa marekani na si plastiki, funga kwa tepe pana za pamba bila kukaza. Bomba liegemee ncha zake mbili, zulia lenyewe lisikalie rafu.