Mnaompakazia marehemu Pinchbeck utapeli, mmeutoa wapi?

Wakuu, nimechoka. Kila anayejiita mwalimu wa Kiingereza mtandaoni akifika kwenye neno "pinchbeck", lile la kusemea kitu cha bandia, hadithi ni ileile: eti palikuwa na tapeli London akiwauzia watu shaba na kuwaambia ni dhahabu. Wengine wamevuka mpaka, wanalikata neno vipande viwili na kudai hiyo "pinch" ndiyo ile ya kudokoa. Uongo mtupu!

Pinchbeck ni jina la ukoo, na asili yake ni kijiji. Kipo hadi leo Lincolnshire, Uingereza, karibu na mji wa Spalding. Christopher Pinchbeck alikuwa fundi saa pale mtaa wa Fleet Street, London, akafariki 1732. Fundi hasa, si wa kubahatisha: alitengeneza saa za kuonyesha mienendo ya sayari na mitambo inayojipigia muziki yenyewe. Ndiye aliyechanganya shaba na zinki, zinki kidogo kuliko ya kwenye shaba ya njano ya kawaida, akapata kitu ambacho ukikitazama utaapa ni dhahabu. Kikaitwa kwa jina lake. Sasa niambieni, tapeli gani anaacha mzigo wa kanyaboya utembee mjini ukiwa na jina la ukoo wake?

Tena 1733 mwanawe Edward alitoa tangazo gazetini kwamba madini ya marehemu baba yake yanapatikana kwake tu. Mtu hatangazi hivyo bure. Bila shaka walikuwepo waliodai kuwa nayo na wao. Yaani bandia nayo ilikuwa na bandia zake! Hao ndio wa kuwatukana, lakini majina yao hamyajui, basi mnamrukia mwenye jina.

Baadaye, 1854, sheria ya Uingereza ikaruhusu dhahabu ya karati za chini, yaani iliyochanganywa zaidi na madini mengine, kushuka hadi karati 9. Mwenye pesa ndogo akapata dhahabu halali, na madini ya Pinchbeck yakakosa soko. Neno likabaki kuwa tusi.

Mmoja wa hao walimu nilimwandikia kwa heshima zote. Akafuta maoni yangu, akanifungia. Video bado ipo, na watoto wa watu wanainakili kwenye madaftari.

Mwenye ushahidi wa kesi hata moja ya utapeli dhidi ya mzee huyu auweke hapa.