Gereza la Pademba Road, Freetown: kwa nini kila kukichafuka linavunjwa?

Msafwa: Wakuu habari za leo. Nafuatilia Sierra Leone tangu Novemba 2023 pale watu wenye silaha walipovunja gereza kuu la Freetown, wafungwa wakatoka kwa mamia. Sasa nasikia halikuwa tukio la kwanza. Hili gereza lina nini? Mwenye kulijua atiririke.

Kamanda wa Pwani: Sio la kwanza kabisa mkuu. Mei 25, 1997 wanajeshi walipopindua walikwenda Pademba Road wakamtoa Meja Johnny Paul Koroma, alikuwa ndani kwa kesi ya kutaka kupindua, wakampa nchi aongoze, yaani mtu katoka selo kaenda kuwa mkuu wa nchi. Januari 1999 waasi wakaingia mjini wakafungua tena. Hata Foday Sankoh, kiongozi wa kundi la waasi la RUF, alishafungwa humo miaka ya 70. Liko katikati ya mji na ndani kuna wanajeshi na wanasiasa, anayetaka nchi lazima alipitie.

Bi Mwanaidi: Tusiishie kwa wapinduaji jamani, wanaoumia humo ni wanyonge. Mwingereza alilifungua 1914, nafasi yake ni watu 324 ila miaka nenda rudi linabeba zaidi ya 1,000. Selo ya futi 6 kwa 9 imeshakutwa na watu 9, usiku choo ni ndoo na wote mnalala nayo humo humo. Na wengi ni mahabusu tu, kesi inapigwa kalenda mpaka mtu anasahaulika, mwingine kakamatwa kwa uzururaji, mwingine kadaiwa hela polisi wakaigeuza jinai, mdhamini hana. Aprili 2020 corona ikaingia ndani, mahakama zikasimamishwa, ndugu hawaruhusiwi kuja, tarehe 29 wafungwa wakalipuka kwa hasira, moto ukawaka, wakafa wafungwa 30 na askari magereza 1. Hivi mngetegemea nini?

Msafwa: Duh, 30! Na sasa hivi kuna unafuu wowote?

Kamanda wa Pwani: Kwenye sheria upo. Adhabu ya kifo ilifutwa 2021, na humo ndimo walimonyongwa Mohamed Forna aliyewahi kuwa waziri wa fedha na wenzake mwaka 1975. 2024 mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, nayo ikasema sheria za uzururaji zinavunja haki za watu.

Bi Mwanaidi: Sawa, ila mwenye kesi ya deni bado anahitaji dhamana anayoimudu na hakimu wa kumsikiliza mapema. Waanzie hapo.