Mkopo wa elimu ya juu uishie mpakani? Karibuni tujadili

Mwalimu wa hesabu, Singida (mleta mada)

Wadau, hoja hii imenikaa kooni tangu mwaka 2023, leo naitoa.

Msimamo wangu ni huu: kijana aliyejitafutia chuo nje ya nchi, akakubaliwa, na chuo chenyewe kikajitolea kubeba sehemu kubwa ya gharama, Bodi ya Mikopo ya hapa Tanzania imkopeshe kile kinachopungua. Kwa utaratibu tulio nao, mkopo wa shahada ya kwanza ni wa aliyedahiliwa chuo cha hapa nyumbani. Wa nje hufikiriwa akiwa amekwenda kwa makubaliano ya serikali na serikali. Aliyehangaika mwenyewe hana mahali pa kupiga hodi.

Nilikuwa na binti darasani kwangu, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), mama yake anauza vitunguu stendi. Chuo kimoja cha Marekani, jimbo la Minnesota, kilitaka aandike insha kujieleza, maneno yasizidi 650. Alikuja nyumbani Jumamosi tatu mfululizo, mke wangu anamtilia chai, yeye kainamia simu. Ukurasa wa kwanza aliandika habari za mkoa wa Singida: mvua, alizeti, wilaya ngapi. Nikamwambia, hawa wanataka kukujua wewe. Alinyamaza muda mrefu. Tangu darasa la kwanza tumewafundisha watoto hawa kuandika juu ya kila kitu isipokuwa wao wenyewe. Mwisho akafuta yote, akaandika juu ya daftari la madeni la mama yake, jinsi alivyolipanga upya akiwa darasa la sita, kila mdeni na ukurasa wake, mpaka mama akajua nani analipa na nani anamzungusha.

Insha ile ndiyo iliyomfungulia mlango. Machi 2023 barua ikaja: amekubaliwa, karo, bweni na chakula vimelipwa karibu vyote. Kilichobaki ni dola 4,600 kwa mwaka, kama milioni 11 za wakati ule. Hapo weka pasipoti 150,000, dola 350 za kusajiliwa kama mwanafunzi wa kigeni, dola 185 za viza, na tiketi ya ndege. Wengi hawajui jambo moja: chuo hakikupi fomu ya I-20 mpaka uoneshe kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo, na bila I-20 huna cha kupeleka ubalozini. Walimu tukachanga, jumuiya ikachanga, mama akauza mbuzi. Tukafika milioni 3 na laki 4. Chuo kikaongeza muda mara moja. Muda ukaisha.

Mtoto wa mwenye uwezo hasubiri mjadala huu, anaondoka tu. Na tusisahau tulikotoka. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952 kwa fedha za umma, akarudi kufundisha Pugu. Mwaka 1959 Tom Mboya aliondosha vijana 81 wa Kenya kwa ndege moja kwenda Marekani, na mwaka uliofuata Wangari Maathai akaenda Kansas. Wafadhili walitoka huko, lakini na wazazi vijijini walichanga. Sasa tuna Bodi ya kutukopesha, na bado tunauza mbuzi.

Nakatwa 15%, Dar es Salaam

Mwalimu, pole sana kwa huyo binti. Lakini hapana.

Nimesoma kwa mkopo. Kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wangu inaondoka kabla sijaugusa, na sinung'uniki, kwa sababu najua kuna mdogo wangu asiyenijua anasoma kwa hela hiyo. Chuoni tulikuwa tunabebana, kitanda kimoja watu wawili. Niliyembeba mimi alikosa mkopo kabisa, mtoto wa mkulima kama mimi. Bumu langu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka tunakula wawili, likikata tunalala wawili. Mwaka wa pili akaacha chuo. Hakwenda Minnesota wala hakubaki Dar, alirudi kwao Kasulu.

Bumu siku hizi ni shilingi 10,000 kwa siku. Milioni 11 zako ni bumu la siku 1,100, na hiyo ni pesa ya mwaka mmoja tu wa mtu mmoja. Wewe ni mwalimu wa hesabu. Niambie unamnyima nani.

Halafu urejeshaji. Mimi nakatwa kwa sababu mwajiri wangu yuko hapa na sheria inambana. Huyo wa nje akibaki huko nani atamkata? Na Nyerere unayemtaja alikwenda akiwa mtu mzima wa miaka 27, ameshamaliza Makerere, ameshafundisha Tabora. Shahada ya kwanza tusome nyumbani, ya pili ndiyo watu waende.

Mzazi, Eldoret

Mwalimu, mimi naunga mkono nia yako lakini naogopa njia. Huku kwetu Uasin Gishu kaunti ilikuwa na mpango wa kupeleka vijana vyuo vya Finland na Kanada, karo ikipitia mfuko wa kaunti. Mwaka 2023 wazazi waliandamana hapa mjini. Kuna waliouza mashamba na ng'ombe. Kuna watoto ambao hawakusafiri, na wengine walifika Finland wakakuta karo yao haijalipwa. Mambo yakaishia kortini.

Angalia ni kwa nini wazazi walitoa pesa bila kuuliza sana: waliona muhuri wa serikali. Mtu binafsi angewaitisha pesa hizo wangetaka kumjua mpaka babu yake. Kwa hivyo mkitaka Bodi iingie, pesa isikae mahali katikati hata siku moja. Itoke kwa mkopeshaji iingie chuoni, kwa jina la mwanafunzi, na mzazi apewe risiti ya chuo.

Mwaka wa tatu, Pécs

Niko Hungaria kwa ufadhili wa serikali ya huku, Stipendium Hungaricum. Karo nimelipiwa, mkononi napata forinti 43,700 kwa mwezi, tiketi nilijitafutia. Hela hiyo haifiki mwisho wa mwezi hata ukipika mwenyewe kila siku, kwa hiyo Jumamosi niko ghalani nabeba maboksi. Silalamiki, nataka tu kaka anayekatwa 15% ajue kwamba huku hatujaja kustarehe. Na suala la kutorudi, mnatuhesabu kama tumeshatoroka kabla hatujamaliza mtihani. Mimi nataka kurudi. Shangazi yangu kila akipiga simu swali la kwanza ni kama nimeshaulizia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, namna ya cheti changu kutambuliwa.

Mwalimu wa hesabu, Singida (mleta mada)

Nimewasoma wote, nashukuru.

Ndugu unayekatwa, habari ya mwenzako wa Kasulu imeniuma. Swali la nani anyimwe sina jibu lake jepesi, na anayesema analo simwamini. Kwa mwaka 2024/25 Bodi ilitengewa shilingi bilioni 787, na bado kuna watoto wanabebana. Ila katika hesabu yako kuna kitu umekiacha nje. Chuo kile kilikuwa tayari kumlipia mtoto wa muuza vitunguu mara nyingi zaidi ya hizo dola 4,600, kila mwaka, kwa miaka minne. Sisi tuliposhindwa sehemu yetu ndogo, sehemu yao kubwa ikabaki kwao. Ile ingekuwa nafasi moja ya chuo ambayo nchi hii haikuijenga wala kuilipia, na bumu lake angelirudisha.

Kuhusu Nyerere, tuwekane sawa. Alichopata Makerere kilikuwa stashahada ya ualimu, wakati ule Makerere haikuwa ikitoa shahada. Shahada ya Edinburgh ndiyo ilikuwa ya kwanza kwake. Juu ya umri nakukubalia, miaka 27 si 19.

Makato nayo nakiri ni kisiki. Fomu ya mkopo hata sasa ina mdhamini, kwa mkopo wa nje wawe wawili, walio hapa, wenye mishahara inayokatika. Mimi ningesaini kwa yule binti bila kufikiri mara mbili, na najua walimu wengine wawili wa shule yangu ambao wangesaini.

Mzazi wa Eldoret, umenibadilisha. Nilipoanza nilikuwa nafikiria mkopo uingie kwa mwanafunzi kama bumu linavyoingia. Naifuta hiyo. Chuo kilipwe moja kwa moja, na pengine mahali pengine isihitajike hata pesa taslimu, barua ya dhamana tu.

Najua mtauliza binti yuko wapi. Yuko Dodoma, mwaka wa tatu, anasoma takwimu kwa mkopo wa Bodi, na anafanya vizuri. Likizo alikuja kutusalimia, akaikuta barua ya Minnesota bado nimeibana ndani ya daftari langu la maandalio. Akaisoma yote akiwa amesimama, akaikunja, akaomba aondoke nayo. Kisha akaniambia anaangalia shahada ya pili Ujerumani, ambako vyuo vingi vya umma havitozi karo. Kinachotakiwa kwa viza ni kuonesha una fedha ya kujikimu mwaka mzima, euro 11,904, zimefungiwa benki kabla hujaondoka.

Tulikaa jikoni, mahali palepale, tukapiga hesabu. Ni zaidi ya milioni 30.