Msumeno wa meza unarusha mbao nyuma: tatizo ni nini?

mpasuaji
Wakuu, nina msumeno wa meza, diski ya inchi 10 yenye meno 60, bado kali. Nikipasua mninga wa inchi 2, mbao ikifika katikati inabana diski, moshi unatoka, kisha inarudi kwa nguvu kwa anayesukuma. Nianzie wapi?

randa_na_tezo
Chomoa plagi kwanza, mkuu. Tia chaki kwenye jino moja, pima kutoka jino hilo hadi fensi (ile reli ya pembeni inayoongoza mbao) jino likiwa mbele. Zungusha diski kwa mkono mpaka jino lilelile lifike nyuma, pima tena. Nyuma kukiwa kwembamba, hata kwa milimita 1, fensi inaikandamiza mbao kwenye meno ya nyuma. Meno hayo yanapanda kutoka chini ya meza, kwa hiyo yanainyanyua na kuirusha kwako.

Diski nayo badilisha. Meno 60 ni ya kukata kukingama nyuzi za mbao. Nafasi kati ya meno ni ndogo, vumbi halipati pa kutokea, ndiyo maana inaungua. Kupasua tumia meno 24.

kabari
Fensi inaweza kuwa sawa na mbao bado ibane. Mninga usiokauka vizuri hujifunga nyuma ya diski ukishapasuka. Kile kisu cha chuma nyuma ya diski kipo? Wengi hukifungua na kukitupa, na ni kosa kubwa. Kiwe chembamba kuliko njia ya meno lakini kinene kuliko bamba la diski, kikae milimita 3 hadi 8 kutoka kwenye meno.

Kama hakipo, mpasuo ukianza kujifunga, zima msumeno, subiri diski isimame kabisa, gonga kabari nyembamba kwenye mpasuo. Usiwashe meno yakiwa yamegusa mbao. Irudishe nyuma kidogo kwanza.

mpasuaji
Asanteni. Nyuma kumepungua milimita 2, na kisu hakipo. Mbao yenyewe ina ubavu uliopinda.

randa_na_tezo
Basi una sababu tatu kwa pamoja. Randa ubavu mmoja unyooke, huo ndio uegemee fensi. Usisimame mkabala na kipande kilicho kati ya diski na fensi, maana ndicho kinachoruka. Nafasi hiyo ikiwa chini ya sentimita 15, sukuma kwa kijiti. Glavu vua: jino likinasa kitambaa, linavuta mkono mzima.

kabari
Na barakoa, tafadhali. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua.