Mrejesho: El Rosario, Meksiko, na watoto wa miaka 4 na 7

Wakuu, niliuliza kama watoto wataweza kupanda El Rosario, hifadhi ya mlimani jimboni Michoacán, kuona vipepeo wa monaki. Asanteni, tumeweza.

Ushauri wa kulala kwanza Angangueo, mji wa karibu, ili kuzoea hewa nyepesi ulisaidia: kule juu ni zaidi ya mita 3,000, na mkubwa aliumwa kichwa kidogo tu. Farasi wa kukodi walibeba watoto sehemu kubwa ya njia. Kipande cha mwisho ni miguu.

Kosa letu ni kuwahi. Saa tatu asubuhi, ukungu, vipepeo wameshonana kwenye matawi kama majani makavu, watoto wamenuna. Jua lilipotoka saa sita ndipo vipepeo wakaruka. Kigari cha mtoto acheni hotelini. Tazameni pia mnapokanyaga, vipepeo wengine hutua njiani kunywa maji. Kukaa kimya karibu na vipepeo? Wa miaka 4 alitushinda.